Mguu wa Kushoto na Kamba ya Nanga

Asalaam aleikum jamani, na wengine hamjambo. Nyie mliosimama juani hebu sogeeni huku chini ya mwembe, kivuli cha leo ni bure. Nimeambiwa niongee nusu saa kuhusu klachi, na mimi miaka yangu mingi nimeimalizia chini ya magari ya watu hapa hapa Malindi, kwa hivyo nikizidisha muda mtanivumilia.

Naanza na swali. Ukikanyaga klachi, umeshika au umeachia?

(Wengi: umeshika!)

Ehe, nilijua tu. Sisi tumezoea kusema "shika klachi utie gia", na ni maneno yetu siwezi kuyabadilisha leo, lakini kule ndani mambo ni kinyume. Ukikanyaga pedali ndio umeachanisha, ukitoa mguu ndio imeshika. Gari ikiwa inakimbia zake barabara ya Kilifi na mguu wako umetoka kabisa kwenye pedali umepumzika zuliani, hapo ndipo klachi inafanya kazi kamili.

Sasa kwani tunaihitaji ya nini? Injini ya petroli au dizeli haiwezi kuanza kuvuta kutoka sifuri. Ata ikiwa imesimama inanguruma tu inazunguka kama raundi 800 kwa dakika, ukiilazimisha ishuke chini sana inazima. Na tairi ziko sifuri, zimesimama. Mmoja anakimbia mwingine amekaa, na unataka uwafunge pamoja bila mmoja kumvunja mwenzake mkono. Ndio maana pikipiki za umeme hazina klachi, mota ya umeme inavuta tangu sifuri, haina shida hio.

Hii pleti, ile sahani ya klachi yenyewe, niliitoa kwa gari ya mtu juzi, pitishaneni, mikono itachafuka kidogo lakini itanawika. Hapo katikati mnaona meno, hayo yanaingia kwenye shafti ya gia boksi, kwa hivyo pleti ikizunguka na gia boksi inazunguka. Vile vispringi vidogo mnavyoviona ni vya kupoza mshtuko wa injini usifike kwenye gia. Upande mmoja wa pleti kuna flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililofungwa kwa krenki, yaani shafti inayozungushwa na injini. Upande wa pili kuna presha pleti, na nyuma yake springi kubwa mfano wa sahani iliyokatwakatwa vidole kuelekea katikati. Hio springi kazi yake ni kubana, muda wote inabana, inaisukuma pleti kwa flaiwili mpaka vyote vitatu vinazunguka kama kitu kimoja. Ukikanyaga pedali, rilizi beringi inakuja kusukuma vidole vile vya katikati, ukingo wa sahani unarudi nyuma, pleti inabaki inaelea hapo haijabanwa na mtu. Basi. Hio ndio klachi yote, hayo mengine ni kebo au mafuta ya kupeleka nguvu ya mguu wako mpaka kwa beringi.

Wavuvi mko hapa? Haya nyie mtanielewa kuliko madereva. Kamba ya nanga ukiishika ikabana, hata uzito ukiwa mkubwa, mkono unauma lakini hauungui. Ila ikianza kukuteleza kiganjani, wallahi inakuchoma mpaka ngozi inatoka. Klachi ni hivyo hivyo. Imebana, inabeba mzigo wote wa injini bila kupata moto. Imeachia kabisa, haipati moto pia. Moto uko pale kati tu, ile nusu nusu, pleti inateleza juu ya chuma. Na hio nusu huwezi kuikwepa maana bila hio gari haiondoki, lakini ni ya sekunde moja mbili, usiifanye makazi.

Kumbe mtu yuko foleni ya Mtwapa, kuna kamlima kadogo, badala ya hendibreki anaishikilia gari kwa klachi nusu na mafuta kidogo, inaning'inia hapo, yeye anajiona fundi kweli kweli. Mwingine amepumzisha mguu kwa pedali njia nzima kama kigoda, hajui ata ule uzito mdogo unafanya beringi igusane na vidole na kulegeza ile bano. Na kama umesimama sana tia frii utoe mguu, kukanyaga mpaka chini hakuunguzi pleti lakini unaimaliza beringi bure.

Mimi sisemi kama malaika. Nikiwa kijana nilipeleka pikapu ya mawe upande wa Mambrui, ikazama mchangani, nikawa napiga mafuta na klachi nusu, mbele nyuma mbele nyuma, mpaka nikasikia harufu kama nywele na gunia vinaungua pamoja. Injini inalia juu kabisa, gari imetulia kama msikiti. Kushusha mzigo kungenichukua nusu saa, nikaona uvivu. Pleti ikawa imeungua, gia boksi ilibidi ishushwe ndio ifikiwe, na hapo ndipo pesa inapokwenda, pleti yenyewe si kitu. Kwa hivyo ikishushwa badilisha na beringi papo hapo, na uangalie oili sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili isivuje, maana pleti mpya ikidondokewa na oili itatetemeka kila ukiondoka.

Kujua kama imeisha: mahali tambarare, vuta hendibreki vizuri, tia gia ya tatu, toa klachi polepole na mafuta kidogo. Injini ikizima hapo hapo, klachi iko sawa. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Jaribu mara moja tu, usiifanye mchezo.

(Kijana wa tuktuk: na sisi je, mbona yangu inateleza na ni mpya?)

Uliweka oili gani? Ya gari? Ndio hio. Klachi ya tuktuk na ya bodaboda ni pleti kadhaa nyembamba zinaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za gari zina dawa ya kufanya vyuma viteleze vizuri, sasa wewe umeipaka klachi utelezi. Mwaga, weka ya pikipiki. Na hapo mkononi hakikisha kebo ina plei kidogo, yaani ulegevu, kabla haijaanza kuvuta, ikikazwa sana inakuwa ni kama umeishika nusu toka asubuhi mpaka magharibi.