Kidonda Kiko Wapi Ukurasa Unaofuata?

Jambo yenu wote, na aksanti kwa kufika na mvua hii ya Bukavu.

Nimeombwa niseme namna ya kupima riwaya za mapambano za watu wazima: damu, kitanda na kisa chenyewe. Wengi wetu tulizianzia kwenye vitabu chakavu vya Kifaransa, tukipokezana. Gérard de Villiers alianza mwaka 1965, na hadi anafariki mwaka 2013 alikuwa amemwandikia jasusi wake Malko vitabu 200. Kwa Kiswahili tulikuwa na Elvis Musiba wa Tanzania, aliyemleta mpelelezi wake Willy Gamba hadi Kinshasa. Siwadharau hata kidogo. Walijua kumkesha msomaji na mshumaa wake.

Lakini mimi nina swali moja: mwili umekumbuka?

Kijana mmoja aliniletea muswada. Ukurasa wa 41 shujaa anapigwa risasi ya bega la kulia. Ukurasa wa 46, usiku uleule, anapiga kasia peke yake kutoka hapa hadi kisiwa cha Idjwi! Ndugu zangu, nani kati yenu amewahi kupiga kasia kwenye Ziwa Kivu? Hata mwenye mabega mawili mazima, akifika ng'ambo mikono inatetemeka, hashiki kikombe. Nikamwuliza, risasi ilikwenda wapi? Akasema alitaka kisa kiende mbio. Hapo ndipo alipokosea, maana kidonda kile ndicho kingempa kisa. Asiyeweza kupiga kasia anahitaji wa kumpigia. Atamwamini nani saa nane ya usiku? Atamlipa nini? Na huyo akiona damu kwenye shati, atanyamaza hadi lini?

Mapenzi nayapima vilevile, na hapo sitakawia. Watu wazima wanalala pamoja, sioni haya kulisoma. Ila wakiamka vilevile walivyolala, hakuna siri iliyotoka wala hofu iliyoingia, kurasa zile ni pambo tu.

Kubakwa si mapenzi. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Katika riwaya nyingi za aina hii mwanamke anabakwa sura ya pili ili shujaa apate hasira ya kumfikisha sura ya ishirini. Mwanamke huyo hana jina, hasemi neno, haonekani tena. Na sisi tunaandikia katika mji wenye Hospitali ya Panzi, inayotibu wanawake waliobakwa, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Mwaka 2018 yeye na Nadia Murad, Myazidi wa Iraki aliyenusurika ubakaji huo, walipewa Nobeli ya Amani kwa kupigana na ubakaji unaofanywa silaha ya vita. Msomaji wako anaweza kuwa aliwahi kuketi kwenye benchi kule. Sisemi usiandike. Andika, lakini mpe jina, mpe na asubuhi ya pili: nani alimchotea maji, nani aliacha kumsalimia, mwenyewe aliamua nini. Wala usimtazame kwa macho ya yule aliyemtenda. Nikiona kalamu imeanza kufurahia, nafunga kitabu.

Yule kijana alirudi juzi. Sasa shujaa amekaa chini ndani ya mtumbwi, bega limefungwa kitenge, na anayepiga kasia ni mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Katikati ya ziwa mama anatua kasia, anauliza: "Papa, hii damu ni ya nani?" Sura inaishia hapo. Nilimdai inayofuata usiku uleule.