Ngazi, Chokaa na Mlango Ulio Wazi: Kutunza Nyumba za Ibada za Kale

Waheshimiwa viongozi wa dini, mafundi, na ninyi mabibi na mabwana mnaoshika funguo za nyumba za ibada za kale, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuzisaidia jamii kuyatunza majengo haya na kuyaacha wazi, nami nitaanza na moto, kwa kuwa ndio unaokumbukwa na wengi.

Tarehe 15 Aprili 2019 paa la kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris liliteketea huku dunia ikitazama. Michango ilimiminika hadi ikapita euro milioni 800, na Desemba 2024 kanisa likafunguliwa tena. Siubezi ukarimu huo hata kidogo. Hata hivyo, miaka miwili tu kabla ya moto, watunzaji wa kanisa hilo hilo walikuwa wakihangaika kutafuta fedha za kutengeneza mawe yaliyokuwa yakimomonyoka. Ikiwa kanisa lenye sifa kubwa namna hiyo lilipata shida kugharimia matengenezo ya kawaida, msikiti, hekalu au sinagogi lisilojulikana nje ya mtaa wake litafanyaje? Msiba huchangiwa upesi, lakini ni nadra kumwona mtu akichangia mfereji wa paa.

Na mfereji wa paa ndio hasa ulionileta hapa. Niliwahi kuingia katika nyumba moja ya ibada ambayo ukuta wake wa ndani ulikuwa na doa la kijani kutoka darini hadi sakafuni. Nje, juu ya doa lile, palikuwa na mche wa mtini ulioota ndani ya mfereji, katika majani yaliyooza ambayo hakuna aliyeyazoa kwa miaka mingi. Kila mvua iliponyesha, maji yalikosa njia, yakafurika na kuushukia ukuta. Nilipoigusa boriti mahali inapoingia ukutani, ufunguo niliokuwa nao mkononi ulizama wote kabisa ndani ya mti. Kuung'oa mche ule ulipokuwa mchanga kungehitaji ngazi, mtu mmoja na saa moja. Sasa walikuwa wakiambiwa wabadilishe paa zima. Tumezoea kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ukuta wa miaka mia tano hauwezi kujengwa tena. Utakaojengwa utakuwa mwingine.

Kuna kosa jingine linalotendwa kwa nia njema kabisa, nalo ni saruji. Kuta nyingi za kale zilijengwa kwa mawe na chokaa, na chokaa hupumua, yaani unyevu unaoingia ukutani hupata njia ya kutoka na kukauka. Waumini wanapochangishana na kuupiga ukuta huo lipu ya saruji, kwa miezi kadhaa unapendeza. Kisha lipu hiyo ngumu hupata nyufa nyembamba kama unywele, maji huingia kupitia humo na kushindwa kutoka, na chumvi iliyomo ndani ya maji hujikusanya nyuma ya saruji na kulivunjavunja jiwe hadi likawa vumbi. Kwa hiyo msaada wa kwanza ambao jamii inastahili kupewa ni fundi anayejua kuchanganya chokaa, atakayekaa nao muda wa kutosha hadi vijana wao wawili watatu waujue mkono wake, na fedha zije baada ya hapo.

Tazameni Djenné, nchini Mali. Msikiti mkuu wa mji huo, uliojengwa upya mwaka 1907, ni wa udongo mtupu, na kwa hesabu ya kawaida ulipaswa kuwa umeyeyuka zamani. Lakini kila mwaka, kabla ya mvua, mji mzima hutoka kuukandika: wanawake huteka maji, vijana hubeba udongo, na waashi hupanda juu ya vijiti vya mitende vilivyochomoza ukutani, ambavyo ni ngazi ya kudumu iliyowekwa na wajenzi wenyewe. Waliojenga walijua kwamba jengo lao litahitaji mikono kila mwaka, wakaliandalia mahali pa kukanyaga.

Uholanzi walilikabili jambo hilo kwa njia ya ofisi. Tangu mwaka 1973 huduma iitwayo Monumentenwacht hutuma wakaguzi wenye zana zao, ambao hukagua jengo la kale kwa vipindi maalumu, huziba palipo padogo papo hapo, na kumwachia mwenye jengo ripoti ya yaliyobaki. Naona huo ndio msaada bora kuliko hundi kubwa inayotolewa mara moja katika maisha ya mtu. Wakfu, katika ubora wake, ulifanya kazi ya namna hiyo hiyo: shamba au duka lililotengwa ili pato lake litunze msikiti daima, pasipo kusubiri paa lianguke.

Limebaki suala la mlango. Wengi huufunga kwa kuhofia wezi, na hofu hiyo ina msingi. Lakini jengo lililofungwa wiki nzima huvuja bila shahidi, na mwizi naye hupenda mahali pasipo na macho. Nchini Uingereza, Churches Conservation Trust, iliyoundwa mwaka 1969, hutunza makanisa zaidi ya 350 yasiyo tena na ibada za kawaida, na mengi huachwa wazi mchana. Vitu vya thamani vihifadhiwe kwingine, wenye ibada waamue wenyewe ni matumizi gani mengine yanalingana na heshima ya mahali hapo, kisha mlango ufunguliwe. Anayefagia kila asubuhi ndiye atakayeliona tone la kwanza sakafuni, miaka kumi kabla ya mhandisi kuitwa.

Nimekuja na vipande viwili vya lipu vilivyobanduka katika ukuta mmoja, kimoja cha chokaa na kingine cha saruji. Viko juu ya meza hii. Tafadhali kila mmoja wenu avishike kabla hajaondoka, na kile cha saruji akigeuze, apitishe kidole upande wa nyuma ambako jiwe limekuwa unga.