Nyanya za Agosti, bei ya Februari

ILUNGA: Yaya, dada yangu, kabla hatujaanza, hiyo sashe unayoikwaruza mbele ya maikrofoni ina nini ndani? Wasikilizaji watadhani ni panya.

KABIBI: Lumanda, yale majani machachu ya mboga, makavu. Ya Agosti mwaka jana. Nusa.

ILUNGA: Mmh. Inanukia kama majani ya chai yenye ukali kidogo. Na karanga.

KABIBI: Karanga ni njaa yako inayosema. Humo mna majani matupu. Lilikuwa beseni zima, leo linaingia mfukoni.

ILUNGA: Basi jambo yenu nyote, wa Lubumbashi na walio mbali. Leo tuko bustanini: kulima mboga kiangazi na kuziweka akiba. Ndugu zetu walioko Ulaya wananitumia picha za nyanya zao za Julai, wamevaa kaptura. Mimi Julai hiyohiyo namwagilia asubuhi nimevaa koti na kofia ya sufu.

KABIBI: Na bado kiangazi ndiyo majira yetu ya mboga. Mgeni hawezi kuelewa, anafikiri mvua ndiyo inaleta kila kitu. Mvua inaleta mahindi. Lakini panda nyanya Desemba uone. Jani linaanza na doa la kahawia, mvua inanyesha siku tatu, ukirudi mstari wote umeungua kama umemwagiwa maji ya moto. Mildiu hiyo, ugonjwa wa ukungu. Inapenda jani lililolowa. Toka Mei mpaka Septemba hakuna mvua ya maana hapa, jani linabaki kavu, nyanya inapona.

ILUNGA: Njo maana Agosti nyanya zinaoza sokoni Kenya. Kenya ya hapa kwetu, komini ya mji, si ile nchi!

KABIBI: Zinaoza kweli. Jioni mama muuzaji anakuongezea bila kuombwa, hataki kurudi nazo nyumbani. Halafu Februari unamkuta mama yuleyule, amepanga nyanya nnenne juu ya sahani, nyingine zimevuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, na huthubutu hata kuuliza bei mara mbili. Hapo katikati, Agosti na Februari, ndipo nimepoteza pesa zangu miaka mingi.

ILUNGA: Tuanze na udongo kwanza. Msikilizaji mmoja anasema lupango lake, kiwanja chake, lina udongo mwekundu mgumu, maji yanapita juu juu yanakwenda kwa jirani.

KABIBI: Anatengeneza matuta yaliyoinuka, siyo?

ILUNGA: Ndiyo, kama alivyofundishwa.

KABIBI: Tuta la kuinuka ni la mvua, ili maji ya ziada yaondoke. Kiangazi unafanya kinyume. Chimba kitanda kishuke chini kiganja kimoja, pembeni uache ukingo. Maji yakimwagwa yanakaa kama kwenye sinia. Ndani changanya mbolea ya kuku iliyokwisha kuoza, siyo ya jana, hiyo inaunguza. Na kama kuna kichuguu karibu, leta udongo wake.

ILUNGA: Ule wa kufyatulia matofali?

KABIBI: Huohuo. Vile vichuguu vikubwa vya Katanga vina chokaa nyingi kuliko udongo wa pembeni yake, na udongo wetu mwingi ni mchachu. Wakulima wanajua hilo zamani, hawakungoja mtu wa maabara. Kisha funika na majani makavu. Ila hapo nikuonye: mchwa. Mwaka mmoja niliweka majani mazito, nikafurahi, nikasafiri siku kumi. Niliporudi, hakuna majani, na miche mitano ya kabichi imekatwa shingo.

ILUNGA: Kwa hiyo usiweke?

KABIBI: Weka, lakini kidogo kidogo, na yasiguse shina. Utaongeza kila wiki.

ILUNGA: Na maji? Mimi kisima changu Septemba kinatoa tope.

KABIBI: Piga hesabu kabla ya kupanda. Kitanda cha mita moja kwa kumi, ukikipa lita tano kila mita, ni lita hamsini. Bido, madumu ya lita ishirini, mbili na nusu, kila siku. Una vitanda vinne? Bido kumi. Nani atazibeba? Watu wanapanda kwa macho, halafu mgongo ndio unalipa. Mimi nilikuwa na vitanda sita, nimebaki na vitatu, na navuna zaidi.

ILUNGA: Mimi hupanda vyote siku moja.

KABIBI: Najua, nimeona. Kitunguu na kabichi vinapenda baridi, vitangulie. Nyanya weka kitaluni Machi au Aprili, uhamishe Mei. Juni na Julai haitakimbia, usiogope, inangoja jua la Agosti. Lengalenga, mchicha, ndiyo haipendi baridi hata kidogo. Ukiipanda Juni inakutazama tu. Ngoja joto lirudi, wiki tatu nne unachuma.

ILUNGA: Kuna jambo nataka tuliseme bila kuzunguka. Vumbi la madini.

KABIBI: Liseme.

ILUNGA: Mji huu ulianzishwa 1910, tanuru la kuyeyushia shaba likawaka 1911. Moshi ulikwenda upande upepo unakokwenda miaka na miaka. Watafiti wa chuo kikuu chetu wamepima mboga za bustani za mjini wakakuta shaba, kobalti, risasi, kadimiamu. Sasa mtu ana lupango upande huo, afanyeje? Asilime?

KABIBI: Kama uko karibu kabisa na tanuru au na mto unaopokea maji ya kiwanda, majani usilime. Nasema majani. Lengalenga, shoo, selari, hivyo vinabeba zaidi. Mmea unaozaa tunda, kama nyanya, kwa kawaida tundani hupeleka kidogo. Chokaa kwenye udongo inasaidia kuyazuia madini yasipande, mbolea nyingi pia. Na kuosha mboga maji matatu, kwa sababu sehemu kubwa ya vumbi liko juu ya jani. Kadimiamu iliyokwisha kuingia ndani, hiyo haioshwi wala haipikwi ikatoka.

ILUNGA: Na ndiyo unaanika mboga nje, kwenye vumbi hilohilo!

KABIBI: Hapana, bwana. Ngoja nikwambie vizuri, maana hapo ndipo watu wanaharibu. Lumanda naichambua, naosha, nachemsha maji yenye chumvi, natumbukiza majani dakika moja, mbili, natoa. Rangi inageuka kidogo, ni kawaida ya lumanda, ina uchachu. Naikamua kwa mikono polepole. Kisha natandaza juu ya kitanda cha mianzi, chini hewa inapita, juu chandarua safi. Na kivulini! Chini ya paa la veranda. Jua kali linakula vitamini A ya jani, unabaki na nyasi. Hewa ya Agosti ni kavu mno, midomo yako yenyewe inapasuka, je jani? Siku mbili, tatu, ukilifinya linavunjika na kutoa sauti.

ILUNGA: Lete tusikie. ... Haya, mmesikia.

KABIBI: Kilo kumi za majani zinakupa kilo moja hivi. Nyingine yote ilikuwa maji.

ILUNGA: Lakini yaya, wewe si ulikuwa na frigo kubwa la kugandisha? Ulitusumbua nalo mwaka mzima.

KABIBI: Usinikumbushe. Nilisaga nyanya, nikazifunga sashe thelathini, nikazipanga kama vitabu. Januari umeme ukaondoka siku nne. Siku ya tatu nikaona kitu chekundu kinatambaa chini ya mlango wa jiko. Mtoto akapiga kelele, akafikiri ni damu. Toka siku ile frigo ni la maji baridi na samaki wa siku mbili. Akiba yangu haitegemei waya.

ILUNGA: Kwa hiyo bokali.

KABIBI: Bokali, chupa za kioo zenye kifuniko, na kukausha. Nyanya ya kukausha ni rahisi: kata vipande unene wa kidole, chumvi juu, hiyo sasa ni juani, siku tatu mpaka tano, usiku unaingiza ndani. Iwe kama ngozi ya kiatu, isitoe maji ukiifinya. Iweke kwenye bokali wiki moja, unatikisa kila siku. Ukiona jasho kwenye kioo, rudisha juani.

ILUNGA: Na sosi?

KABIBI: Sosi ndiyo yenye hatari, kwa hiyo sikiliza usicheke. Kuna bakteria anakaa udongoni, mbegu yake haifi kwa maji yanayochemka. Ukiifungia kwenye bokali bila hewa, bila uchachu, inaota na kutoa sumu. Botulizimu. Chakula hakinuki vibaya lazima, hakibadiliki rangi lazima. Mtu anaanza kuona vitu viwili viwili, kope zinashuka, kumeza kunashindikana. Hiyo ni hospitali mbio, siyo maziwa na maombi.

ILUNGA: Nyanya si ni chachu tayari?

KABIBI: Iko mpakani. Mpaka ni 4.6 kwenye kile kipimo cha uchachu, pH, na nyanya iliyoiva sana inaweza kuvuka. Kwa hiyo bokali ya nusu lita natia kijiko kimoja kikubwa cha maji ya limau ya chupa ya dukani, maana limau la mtini leo kali, kesho baridi. Lita moja, vijiko viwili. Nyanya imenywe, ipondwe, ichemke, iingie ya moto. Kisha bokali zote ndani ya sufuria, maji yazifunike vidole viwili juu.

ILUNGA: Dakika kumi?

KABIBI: Kumi za wapi? Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Maji hapa yanachemka kwenye digrii 96 hivi, hayafiki 100. Kwa urefu wetu huu, nusu lita ya nyanya ya kuponda ni dakika 45, lita ni 55, unahesabu tangu maji yanapotokota kweli. Makaa yanakwenda, ndiyo. Njo maana nachukua sufuria kubwa ya msiba, bokali kumi na mbili kwenye mbabula, jiko la makaa, mara moja.

ILUNGA: Na maharagwe mabichi? Karoti?

KABIBI: Kwenye maji ya kuchemka tu, hapana. Hata masaa matatu. Hizo zinataka chombo maalumu cha presha, au siki. Siki ya dukani yenye asilimia tano, siyo ile ya ndizi ya jirani usiyojua ukali wake.

ILUNGA: Sasa unagusa familia yangu. Mama anaweka pilipili kwenye mafuta, inakaa dirishani miezi.

KABIBI: Pilipili mbichi na vitunguu saumu ndani ya mafuta, dirishani, kwenye joto? Huko hakuna hewa, hakuna uchachu. Ni nyumba kamili ya yule bakteria.

ILUNGA: Tumekula miaka thelathini, yaya.

KABIBI: Na mimi nimevuka barabara ya Kasapa bila kuangalia, mara nyingi. Mwambie mama, kwa heshima, aiweke kwenye siki. Akitaka ladha ya mafuta atie mezani. Au atengeneze kidogo, ikae kwenye frigo, iishe siku nne.

ILUNGA: Nitamwambia kwamba ni wewe umesema.

KABIBI: Mwoga.

ILUNGA: Vifuniko je? Mimi natumia bokali za mayonezi.

KABIBI: Kifuniko cha zamani mara nyingi hakivuti tena. Bokali ikipoa, bonyeza katikati. Kikicheza tik-tik, hakijafunga, kula sosi hiyo leo. Na kikivimba baadaye, usionje hata kwa ncha ya ulimi.

ILUNGA: Haya, mwisho: hiyo lumanda inapikwaje? Nina maslahi.

KABIBI: Loweka maji ya uvuguvugu nusu saa, mwaga. Chemsha na kitunguu, kitunguu chenyewe ni cha Agosti, nimekisuka na kukitundika jikoni, hakijaota. Halafu unga wa karanga, moto mdogo, usikoroge ovyo. Bukari, ugali wetu, pembeni.

ILUNGA: Nipe sashe hiyo.

KABIBI: Nusu. Na unirudishie bokali zangu mbili za mwaka jana, na vifuniko vyake.