Bobby Jones na mkwaju ambao hakuna aliyeuona

Mkinialika mnajua nitamleta Bobby Jones, mchezaji gofu wa Marekani, na leo namleta tena, maana hata asubuhi hii nimemsikia mzazi akisema pale nje, "Huyo ni mchezaji wa ridhaa tu," yaani asiyelipwa. Tu ya nini, ndugu zangu? Jones naye alikuwa wa ridhaa.

Mwaka 1925, Worcester, Massachusetts, mashindano ya wazi ya gofu ya Marekani. Kila pigo la mpira ni mkwaju mmoja, na mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Raundi ya kwanza, shimo la 11. Mpira wa Jones umelala mteremkoni kwenye majani marefu. Anasogeza fimbo nyuma yake, majani yanatikisika, mpira unajongea kidogo mno. Anawaambia wasimamizi: umesogea, niandikieni mkwaju wa adhabu. Wao hawakuona. Watazamaji wakaulizwa, nao hawakuona. Basi akaachiwa aamue mwenyewe, na akajiandikia 77 badala ya 76.

Sasa pigeni hesabu. Baada ya mashimo 72, Jones na Willie Macfarlane wakafungana, 291 kwa 291. Wakarudia mashimo 18, wakafungana tena, 75 kwa 75. Wakaongeza mengine 18: Macfarlane 72, Jones 73. Bila ule mkwaju mmoja, kombe lilikuwa lake bila hata marudio. Watu walipomsifu akachukia, akawaambia ni kama kumsifu mtu kwa kutoiba benki.

Mtaniambia alikuwa mtoto wa mwanasheria, njaa hakuijua. Kweli. Lakini tumbo likishiba, moyo hautaki kombe? Tena msidhani alizaliwa mpole! Alikuwa kijana wa kurusha fimbo kwa hasira. Mwaka 1921 pale St Andrews, Uskoti, raundi ya tatu ilimwendea vibaya, akauokota mpira wake akaacha kuhesabu. Na shimo lenyewe? La 11. Kijana huyohuyo, miaka minne baadaye, alijihesabia mkwaju ambao hakuna aliyeuona. Ndiyo maana nawaambia watoto hawa kwamba uaminifu hufundishika.

Muda umekwisha, naona mnanionyesha saa. Mwaka 1930 alitwaa mataji manne makubwa, mawili Uingereza na mawili Marekani, akastaafu ana miaka 28, akaendelea na uwakili.

Ila hili siliachi. Mwaka 1958 St Andrews walimpa heshima ya uraia wa mji wao, mji uleule alikoacha kuhesabu kwenye shimo la 11. Wakati huo maradhi ya uti wa mgongo yalikuwa yameidhoofisha miguu yake. Alipokuwa akitoka, ukumbi mzima ulisimama, ukamwimbia wimbo wa Kiskoti wa kumuuliza kama hatarudi tena.