Saa Yako Iweke Nje ya Kichwa

Assalam aleikum, hamjambo nyote. Waliokaa nyuma sogeeni mbele jamani, viti vipo. Nimeombwa niongee kuhusu kazi za onlaini za kufanyia nyumbani kwa mtu mwenye ADHD, yaani ubongo unaoshindwa kutulia kwenye jambo moja na kupima muda, na najua wengi mwataka niwaambie kazi gani inalipa. Tutafika huko muda ukitosha. Kwanza niseme lile ninalolisema kila nikialikwa: kazi isiyo na bosi wala saa ya kuripoti ndiyo tunayoikimbilia, na ndiyo inayotumaliza haraka kama hukujijengea kuta zako mwenyewe.

Kwetu sisi kitu ama kiko mbele ya macho ama hakipo. Kazi ya Ijumaa, ukiniuliza Jumatatu haipo, Jumatano haipo, Alhamisi usiku ndio yaniruka kifuani. Na si kwamba hujali, unajali mpaka tumbo lauma!

Mimi natumiwa rekodi za mikutano na mahojiano, nazisikiliza na kuzichapa. Saa moja ya sauti hunichukua saa nne, na kama watu wanakatizana maneno ni zaidi. Miaka mingi nilikuwa najiambia hii ntaimaliza kwa saa moja na nusu. Kila rekodi, saa moja na nusu. Ushahidi wa saa nne ninao kwenye kompyuta, nimeuandika mwenyewe, na bado kichwa chasema saa moja na nusu. Basi nikaamua kichwa hiki kisiulizwe tena habari za saa, kiulizwe mengine.

Ukuta wa kwanza ukawa huo, nikatafuta saa ya nje, na sisi watu wa Mombasa tunayo bure. Adhana. Ninapokaa mimi misikiti mitatu yasikika. Baada ya alfajiri na chai nakaa kwa ile rekodi ngumu, ya sauti mbovu. Adhuhuri ikiadhiniwa naondoa hedfoni hata kama niko katikati ya sentensi. Baina ya adhuhuri na alasiri sichapi kitu, joto lenyewe mwalijua, napika, najinyoosha. Alasiri narudi kwa kazi nyepesi, kusahihisha na kutuma. Magharibi laptop yafungwa. Alamu ya simu waizima kwa kidole na kuisahau, lakini muadhini humzimi.

Kuna dada aliniuliza, mimi si Muislamu, nifanyeje? Swali zuri. Kwani mtaani kwako hakuna basi la shule linalopiga honi? Hakuna mama anayetoa mahamri asubuhi? Shika chochote kinachotokea kila siku bila kukuomba ruhusa.

Sasa wale watakaonambia ADHD ni mambo ya wazungu, ama ni hizi simu, nimechoka nalo hili. Daktari Mskoti kwa jina Alexander Crichton aliandika juu ya watu wasioweza kutuliza fikra zao mwaka 1798. Mombasa hii ilikuwa chini ya Wamazrui, simu ilikuwa wapi? Mwaka 1902 daktari mwingine, George Still, akatoa mihadhara London kuhusu watoto wa namna hii. Ni ubongo unavyokua tangu utotoni, na mara nyingi hurithiwa, muangalie mama yako na baba yako. Mimi shuleni niliitwa mzembe miaka minane, mbele ya darasa zima, na neno lile nililibeba mpaka nimezaa. Msiwafanyie watoto wenu hivyo, nawaomba.

Turudi. Ukuta wa pili ni mtu. Jirani yangu mama mmoja anadarizi kofia, zile za mkono ambazo moja hula wiki na wiki. Siku hiyo nilikuwa na rekodi imenilalia siku nne, naifungua naifunga, naosha vyombo vilivyo safi. Akaja kuomba limau. Nikamwambia mama, hebu kaa hapa kidogo na kofia yako. Akakaa kwenye mkeka chini ya dirisha, miguu kaikunja, sindano yaingia yatoka, hakunena kitu, hakunitazama hata. Nami nikachapa. Dakika arobaini bila kuinuka! Nilipogeuka amemaliza maua mawili na mimi kurasa tisa. Siku hizi huja Jumatatu na Jumatano, mimi natoa chai na mbaazi, na yeye amenambia hata kofia zake zaenda mbio akiwa kwangu.

Mtu atasema ah, basi wewe huwezi kazi peke yako. Kweli, siwezi, wala sioni aibu. Mvuvi hutweka tanga peke yake? Huku kukaa na mtu kila mmoja na kazi yake wenye ADHD wengi duniani hukutumia, hata kwa video, kamera wazi na maiki imezimwa.

Muda unaniishia, haya yaliyobaki nayapitia mbio. Mkiwa na mteja Marekani, saa zao zabadilika mwezi wa tatu na mwezi wa kumi na moja, zetu hazibadiliki. Mkutano wa saa tatu asubuhi New York ukiwa kwetu saa kumi na moja jioni, mwezi wa tatu wageuka saa kumi. Mimi niliingia nimechelewa saa nzima nikampoteza mteja wa miaka miwili, nililia. Andikeni kwa kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu.

Ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, mwisho ni tarehe 30 Juni, hata kama hukupata kitu, ukichelewa faini yaanzia shilingi 2,000. Jazeni Januari na mwenzako kando. Tokeni za stima nunueni siku mliyolipwa, si mita ikianza kulia. Ile siku kichwa kimewaka wachapa mpaka alfajiri bila kula, msiifanye ndio kipimo cha kazi mtakayoahidi wiki ijayo, ahidini nusu. Dawa ni kwa daktari wa akili, hospitali ya Port Reitz hapa Mombasa wapo, msimeze za kuazimana.

Saiti za kazi sikufika, nisameheni, niulizeni hapo nje. Lakini Jumanne baada ya alasiri ukumbi huu tumeruhusiwa kuutumia saa mbili. Njooni na kazi ile mnayoikimbia, laptop, cherehani, mchele wa kuchagua, chochote. Chaja leteni zenu, soketi ni nne tu.