Maini ya Mjomba

KULWA: Wapendwa karibuni tena. Mwaju, usianze.

MWAJU: Sijasema kitu! We hadithia tu ya mjomba.

KULWA: Si mnamjua, mvuvi wa Ukerewe, kichocho cha tumbo kimemkaa miaka. Juzi nikampeleka altrasaundi, kapakwa ile jeli ya baridi, daktari anatuonyesha kwenye skrini mistari myeupe imezunguka mishipa ya ini, ndo makovu hayo. Akaeleza kuna seli zinatunza vitamini A, ini likiumia zinaipoteza. Mjomba hata getini hajafika, anauliza wapi wanauza maini ya ng'ombe.

MWAJU: Mjomba ana akili, anarudishia kilichopotea!

KULWA: We nawe. Seli zenyewe zina umbo la nyota, Kupffer alizieleza tangu 1876. Sasa mayai ya kichocho yakinasa kwenye vimishipa vya ini, seli za kinga zinamwaga intalukini 13, kemikali ya kupashana habari, ishara inafika mpaka kwenye kiini cha seli ya nyota, jeni za kolajeni, ile protini inayojenga kovu, zinawashwa, na protini ya PPAR-gama iliyokuwa inaituliza seli inazimwa. DNA ni ileile, daftari moja ila zimefunguliwa kurasa nyingine.

MWAJU: Kwenye homa ya ini B na pombe si wanasema ishara ni nyingine, TGF-beta?

KULWA: Huko ndo kinara, inaingiza protini za SMAD kwenye kiini, zinawasha jeni zilezile za kolajeni. Tena inapunguza miR-29, vile vi-RNA vinavyozuia ujumbe wa kolajeni usigeuke protini.

MWAJU: Na maini je, rosti au ya kukaanga?

KULWA: Mwaju!

MWAJU: Nauliza kwa niaba ya mjomba.

KULWA: Vitamini A ikizidi sana nayo inalitia ini makovu, ujue. Shida yake si upungufu, ni jeni gani zimewashwa.

MWAJU: Kwa hiyo kala hajala?

KULWA: Kala jana, na ndizi. Eti anasikia ini limelainika.

MWAJU: (kicheko) Jamani! Chumvi aliweka?

KULWA: Tuendelee bana.

MWAJU: Haya, ila mi nasema atapona. Akimeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, minyoo ikafa, mayai mapya hamna, wapo watu makovu yao yamepungua kabisa.

KULWA: Kupungua sawa, kupona hapana. 2012 ilionekana kwa panya, ukiacha kuwapa sumu, karibu nusu ya seli zilizokuwa zinatengeneza kovu hazifi, zinatulia tu, ukiwaumiza tena zinawaka haraka kuliko zile ambazo hazijawahi kuwaka. Hapo kapona nani?

MWAJU: Kolajeni imeondoka, ini linapiga kazi, unataka nini tena? Aliyeugua malaria akiugua tena utasema mara ya kwanza hakupona?

KULWA: Malaria ni kimelea, kimetoka kimeenda. Hizi seli ni zako mwenyewe na zinakumbuka.

MWAJU: Za panya! Mjomba ni panya?

KULWA: Anarudi ziwani keshokutwa, maji yaleyale, konokono walewale.

MWAJU: Hilo la ziwa, sio la seli.

KULWA: La seli pia!

MWAJU: Fundi mitambo ananyoosha kidole, imebaki dakika moja. Si tulipanga masomo matatu leo?

KULWA: Hata la kwanza hatujagusa. Wiki ijayo basi.

MWAJU: Wiki ijayo tuna mgeni wa bima.

KULWA: Basi hayapo. Ila hajapona.

MWAJU: Atapona, kwaherini.