Programu Iliyowaumbua Walioiandika

Karibuni, na nyie wa nyuma sogeeni, viti vya mbele havina mwenyewe.

Mtu akisikia "mwanafizikia wa nadharia" anamwona mzee wa nywele timutimu, chaki mkononi. Chaki ipo, sikatai. Ila siku nyingi utamkuta anasaka kosa kwenye programu aliyoiandika mwenyewe wiki iliyopita. Mimi niliwahi kupoteza mwezi mzima kwa alama moja ya kutoa. Leo sitazunguka fizikia yote, nimekuja na namba moja tu.

Elektroni ni kisumaku. Nguvu ya kisumaku hicho huelezwa kwa namba iitwayo g, na mlinganyo wa Paul Dirac wa mwaka 1928 unasema ni 2 kamili. Mwaka 1947 maabara ikaonyesha ni mbili na chenji. Chenji hiyo ndiyo habari yetu. Mwaka 1948 Julian Schwinger akaieleza: elektroni hutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga, na kuimeza tena njiani. Nusu ya ziada, kwa hesabu yake, ni alfa (namba inayopima nguvu ya umeme kati ya chembe) gawanya kwa pai mbili, yaani kama 0.00116. Alama hizo zimechongwa kwenye jiwe la kaburi lake huko Massachusetts.

Lakini nani kaikataza elektroni kutoa fotoni mbili, au tano, kabla ya kuzimeza? Kila namna huchorwa kwa mchoro wa Feynman, na kila mchoro ni hesabu ya kujitegemea. Hatua ya kwanza, ya fotoni moja, ina mchoro 1. Ya pili 7. Ya tatu 72, ya nne 891, ya tano 12,672.

Hiyo michoro saba tu iliwatoa watu jasho. Karplus na Kroll walitangaza jibu mwaka 1950: -2.973. (Kila hatua ina namba yake ya namna hii; ya pili huzidishwa na alfa gawanya kwa pai, mara mbili, ndiyo ikawa sehemu ya chenji.) Likakaa miaka saba. Mwaka 1957 Petermann na Sommerfield, kila mmoja kivyake, wakapata -0.328. Kosa la karibu mara tisa, na hawa hawakuwa watu wa kubahatisha.

Hatua ya nne aliibeba Toichiro Kinoshita wa Chuo Kikuu cha Cornell, miaka na miaka, pamoja na wenzake. Ilipofika ya tano, mikono haikutosha. Yeye na wenzake wa Japani, Aoyama, Hayakawa na Nio, wakatengeneza programu ya kuandika programu. Ngoja niandike ubaoni:

abacbdcede

Huo ni mchoro mzima. Elektroni inapita kushoto kwenda kulia, kila herufi ni fotoni. a ya kwanza inatolewa, kisha b, halafu a inamezwa, inatoka c, na kuendelea hadi e imezwe mwishoni. Unaipa mashine mstari huu. Yenyewe inapanga aljebra, inaondoa sehemu zinazolipuka kuwa namba isiyo na kikomo, kisha inakutolea msimbo wa Fortran, lugha ya zamani ya kuandikia programu, tayari kwa kompyuta kubwa. (Ndiyo, Fortran. Msicheke, wazee wa Fortran bado wanakula vizuri.)

Msimbo huo unakokotoa intigrali, yaani jumla ya vipande vidogo vidogo mno, yenye vigezo 13. Haifunguki kwa kalamu. Inafanywa kama mtu anayepima dimbwi la maji uwanjani kwa kurusha kokoto ovyo: hesabu zilizotumbukia, hesabu zote ulizorusha, gawanya. Ukitaka tarakimu moja zaidi ya usahihi, kokoto ziwe mara mia. Hapo ndipo umeme unapokwisha.

Kabla ya kuiachia hatua ya tano, waliijaribu kwenye hatua ya nne, kazi iliyokwisha kufanywa na kuchapishwa. Majibu yakakataa kulingana. Kwa kawaida hapo unailaumu mashine mpya. Kumbe mashine ilikuwa sawa: hesabu ya zamani ilikosea namna ya kuondoa sehemu zinazolipuka. Mwaka 2007 namba ya hatua ya nne ikatoka -1.7283 ikawa -1.9144, na wenye jina kwenye kosa ndio walioandika sahihisho. Hata thamani ya alfa iliyotangazwa mwaka mmoja kabla, iliyopatikana kwa kulinganisha hesabu hii na kipimo cha maabara, ikabidi irekebishwe.

Hatua ya tano ikatoka mwaka 2012. Mwaka 2019 Mrusi Sergey Volkov, kwa njia yake mwenyewe, akakokotoa upya kundi moja la michoro hiyo, 6,354 kwa idadi. Wajapani walikuwa na 7.668, yeye akapata 6.793. Tofauti hiyo ilizidi mno makadirio ya makosa ya pande zote mbili. Mwaka 2024 Aoyama, Hayakawa na Nio, pamoja na Hirayama, walirudia intigrali zao, safari hii wakakubaliana na Volkov. Kinoshita hakuiona siku hiyo. Alifariki Machi 2023, akiwa na miaka 98.

Haya, maswali. Yule dada wa dirishani alinyoosha mkono tangu kwenye kokoto.